Ukristo wa kweli hupimwa ugonjwa unapobisha hodi

Siku ya Jumapili katika kata ya Lalago, wilayani Maswa mkoani Simiyu, si kazi kumtambua Mkristo. Ana Biblia mkononi, watoto wameoga na kupakwa mafuta, na anaelekea inakosikika ngoma au kinanda cha kwaya.

Kazi ni kumtambua Jumanne usiku. Mtoto anawaka homa, macho yamegeuka, mikono na miguu imekakamaa. Baba ameamka, bibi ameamka, majirani wanaanza kuingia mmoja mmoja. Kituo cha afya ni mwendo wa pikipiki na mfukoni hakuna hela ya kutosha.

Usiku kama huo maswali mawili hugombea kutangulia. La kwanza ni "Nani kamfanyia hivi mtoto wetu?" La pili ni "Tumpeleke wapi, na kwa usafiri gani?" Swali linalotangulia kwenye midomo ya wazazi husema mengi kuhusu imani yao, pengine kuliko ubatizo, kuliko sare ya kwaya na kuliko namba ya bahasha ya sadaka.

Mjadala wa nani ni Mkristo wa kweli huwa mrefu. Wapo wanaotazama dhehebu, wapo wanaotazama mavazi, wapo wanaotazama nani anakunywa pombe na nani hanywi. Kwa familia inayolea watoto na wazee chini ya paa moja, kipo kipimo kingine kilicho karibu zaidi: namna nyumba inavyowatendea walio dhaifu pale ugonjwa unapoingia.

Kanisa na wodi vilikuja pamoja

Usukumani, Ukristo na tiba vimefuatana tangu zamani. Huko Nassa, kando ya Ziwa Victoria katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Busega, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1909 kituo hicho kilikabidhiwa kwa wamisionari wa Africa Inland Mission, ambao kazi yao ndiyo iliyozaa Kanisa la AIC Tanzania.

Mwaka 1913 misheni hiyo ilianza huduma Kolandoto, karibu na Shinyanga. Hospitali ya Kolandoto ipo mpaka leo, na barabara inayotoka Kolandoto ndiyo inayokuja Lalago kabla ya kuendelea kuelekea Meatu. Kwa upande wa Wakatoliki, Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza, inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu, ndiyo kimbilio la wagonjwa wa Kanda ya Ziwa hali inapokuwa ngumu.

Kwa hiyo mzazi wa Lalago anayesema imani yake na hospitali haviendani anasahau historia ya kanisa lake mwenyewe. Waliolijenga walijenga na wodi.

Pamoja na hayo, kuna hofu ambayo haikuondoka. Kwa miongo kadhaa mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Tabora na maeneo ambayo mwaka 2012 yalitengwa kuwa Mkoa wa Simiyu imetajwa tena na tena katika taarifa za mauaji ya wazee, hasa wanawake, wanaotuhumiwa kwa uchawi. Ripoti za haki za binadamu zimewahi kuhesabu mamia ya waliouawa nchini kwa mwaka mmoja. Mauaji hayo yametokea katika vijiji vyenye makanisa, na baadhi ya waliouawa walikuwa waumini. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya waliowanyooshea kidole walikuwa waumini pia.

Macho mekundu yana sababu

Moja ya "ushahidi" uliowaponza bibi wengi ni macho mekundu. Kitaalamu, hakuna siri yoyote hapo.

Sehemu kubwa ya Usukuma ni mbuga na mashamba, na kuni ni adimu. Mama hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, mabua ya mahindi au miti ya pamba iliyobaki shambani baada ya mavuno. Moshi wake ni mzito. Mwanamke aliyeanza kupika akiwa na miaka 8, katika jiko lisilo na dirisha, akifika miaka 70 macho yake yamekaa kwenye moshi kwa zaidi ya miaka 60.

Ongeza na magonjwa ya macho. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, huenezwa na bakteria kwa mikono michafu, vitambaa vya kufutia uso na inzi. Ikirudiarudia kwa miaka, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho, na jicho huwa jekundu, huuma na kutoa machozi. Umri nao huleta ukavu wa macho, na mtoto wa jicho hufanya mboni ionekane nyeupe.

Yote haya yanatibika au kupunguzwa makali. Trakoma ina dawa, na kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji pia. Moshi hupungua kwa jiko banifu, kwa kutoboa dirisha jikoni, au kwa kupikia nje wakati wa kiangazi.

Familia inayomwona bibi mwenye macho mekundu ina njia mbili, kumpeleka kliniki ya macho au kumwogopa. Anayejiita Mkristo hahitaji kufunga siku tatu ili ajue ipi ni ya kwake.

Degedege si mkono wa mtu

Hofu hupata nguvu zaidi mgonjwa anapokuwa mtoto. Degedege huja ghafla na hutisha, na katika jamii nyingi nchini imehusishwa na mapepo, ndege wa usiku au jirani mwenye kijicho. Ndiyo maana watoto wengi wamefukizwa moshi, wamepakwa dawa au kupelekwa kwa mganga kwanza, na hospitali baadaye.

Watoa huduma za afya wanaeleza sababu zake bila kuzunguka. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, degedege inaweza kuletwa na homa kali ya maambukizi yoyote, na Kanda ya Ziwa mtuhumiwa wa kwanza ni malaria iliyopanda kichwani. Homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka na kifafa ni sababu nyingine.

Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba malaria ya aina ya falsiparamu, ambayo ndiyo iliyoenea Tanzania, isipotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kuwa kali na kuua. Saa hizo 24 zinahesabiwa mtoto akiwa popote, hata akiwa amelazwa kwenye mkeka wa mganga. Kituoni kuna kipimo cha haraka kinachotoa majibu kwa dakika chache, kuna dawa mseto kwa malaria ya kawaida, na kuna sindano ya artesuneti kwa malaria kali.

Mganga anayepiga ramli huleta hatari ya pili. Akisema "kuna mkono wa mtu", lazima amtaje au amwelekeze mtu huyo: mwanamke, mzee, anayeishi peke yake, upande fulani wa kijiji. Familia iliondoka nyumbani ikiwa na mgonjwa mmoja, sasa inarudi na watu wawili walio hatarini. Mtoto hajapata dawa, na bibi wa jirani, ambaye pengine ndiye aliyewahi kumbeba mtoto huyo mgongoni, hana tena usalama.

Injili ya Yohana, sura ya 9, ina kisa kinacholingana na hali hiyo. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa swali lenyewe. Hamtafuti wa kulaumiwa. Anatengeneza tope, anampaka mtu yule machoni na kumtuma akanawe. Kwa maneno mengine, anahama kutoka kwenye "nani kasababisha" kwenda kwenye "nini kifanyike", na mgonjwa anaona.

Sala na sindano

Wapo wazazi waliokwisha kumkataa mganga wa jadi, lakini wameingia mtego wa upande wa pili: kuamini kwamba kumpeleka mtoto hospitali ni kupungukiwa imani.

Watanzania hawajasahau mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Wagonjwa walitolewa wodini, wengine wakafia njiani. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona, na virusi havikuwasubiri.

Kenya nayo imepitia msiba mzito zaidi. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watoto. Waendesha mashtaka wanasema wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walishawishiwa kufunga kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye amekana mashtaka. Wala hawakuwa wazazi wasioijua Biblia. Waliokwenda msituni na watoto wao waliamini wanatii.

Biblia hiyohiyo inaeleza habari za Mfalme Hezekia katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20. Aliugua karibu kufa, akasali akilia, akaahidiwa kupona. Kisha nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Sala ilijibiwa, na tiba ikatumika. Paulo naye, akiwaandikia Wakolosai, anamtaja Luka kama tabibu mpendwa, wala hakumtaka aache kazi yake.

Kwa mzazi, kanuni ni nyepesi kuikumbuka. Kiongozi wa dini anayesema "tuombe wakati pikipiki inakuja" anasaidia. Anayesema "acha dawa kwanza uonyeshe imani" anamweka mtoto hatarini, na kuvaa kola au suti hakubadilishi jambo hilo.

Mtoto aliyezaliwa na ualbino

Kipimo kingine huja mapema kabisa, chumba cha kujifungulia. Mama anapewa mtoto mwenye ngozi na nywele nyeupe. Katika baadhi ya familia, minong'ono huanza kabla kitovu hakijakauka: mama kachepuka, au ukoo umelaaniwa. Baadhi ya akina baba huondoka.

Ukweli ni kwamba ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wanaweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa huku kila mmoja amebeba chembe moja ya urithi bila kujua. Wakikutana wawili wa aina hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Anayemtuhumu mkewe anamtuhumu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe amekichangia nusu.

Kanda ya Ziwa inabeba jeraha la mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, yakichochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Mwaka huohuo dunia ilianza kuadhimisha Juni 13 kuwa siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino.

Mtoto huyu anahitaji mambo yanayowezekana: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia miale ya jua, kukaa dawati la mbele kwa sababu macho yake huona kwa shida, na ngozi kukaguliwa hospitali mara kwa mara ili saratani igundulike mapema. Anahitaji pia kanisa linalomweka kwenye kwaya ya watoto kama wenzake, na majirani wanaojua yuko wapi jioni.

Bibi wa nyumba ile

Katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, kuna onyo ambalo halihubiriwi sana: asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani, na ni mbaya kuliko asiyeamini. Sura hiyo inazungumzia hasa wajane. Aliyeiandika hakuanza na jirani wa mbali wala yatima wa nchi nyingine. Alianza na bibi aliye nyumbani.

Watafiti na wanaharakati wamekuwa wakieleza kwamba nyuma ya tuhuma nyingi za uchawi kuna jambo lingine: shamba la mjane, ng'ombe, ugomvi wa urithi, au uchovu wa kumlisha mtu asiyelima tena. Kumwita bibi mchawi huwa njia rahisi ya kumwondoa. Tangu miaka ya 1980, walipoanza sungusungu kupambana na wezi wa mifugo, palikuwa na vijiji ambako wanawake waliotuhumiwa nao walijikuta wakihukumiwa na kufukuzwa.

Sheria haiko upande wa wanaotuhumu. Sheria ya Uchawi, yenye mizizi tangu mwaka 1928, inafanya kumtangaza mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua haki ya wazee ya kupata huduma za afya na ulinzi.

Mzazi anapaswa kukumbuka kwamba watoto wanatazama. Mtoto anayesikia mezani kwamba bibi wa jirani "si mtu wa kawaida" hufundishwa hofu, hata kama ametoka kusali muda huohuo. Mtoto anayetumwa kumpelekea bibi huyo uji na kumchotea maji hujifunza maana ya Msamaria mwema bila mahubiri.

Mambo ya kufanya wiki hii

Jumuiya ndogondogo, vikundi vya akina mama na vikundi vya maombi vya mitaani hukutana karibu kila wiki, na hapo ndipo mengi kati ya haya yanaweza kuanzia.

1. Wekeni mfuko wa dharura na namba ya bodaboda. Kila familia ichangie kidogo ili mtoto akizidiwa usiku pasiwe na kikao cha kutafuta nauli.

2. Jueni dalili za hatari. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, anapelekwa kituo cha afya saa hiyohiyo.

3. Mkimkuta mtoto ana degedege, mlazeni ubavu mahali salama na mmpunguzie nguo. Msimtie kijiko, dawa wala kitu chochote mdomoni, na msimbane kwa nguvu. Akizinduka na kuweza kumeza, anyonyeshwe njiani. Ikikoma, bado apelekwe.

4. Mtembeleeni mzee anayeishi peke yake, na mmoja ajitolee kumpeleka kupima macho. Mzee anayetembelewa mchana na watu wengi ni vigumu kumzushia jambo usiku.

5. Zimeni tuhuma ikiwa bado ndogo. Anayetaja jina la mtu kuwa amemroga mgonjwa aulizwe: mgonjwa amepimwa nini, na majibu yanasemaje? Tishio likionekana, taarifa ifike kwa mtendaji wa kijiji na polisi mapema. Kwa mtoto aliye hatarini, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116.

6. Ombeni, kisha mezeni dawa hadi dozi iishe. Hii inawahusu pia wenye shinikizo la damu, kisukari, kifafa na VVU. Kujisikia vizuri baada ya ibada si sababu ya kuacha dawa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji dhehebu fulani, na majirani Waislamu au wasio na dini wanaweza kuyafanya yote. Lakini kwa mtu aliyebatizwa, hayo hayawezi kuwa hiari. Yakobo aliandika katika waraka wake, sura ya 2, kwamba kumwambia mwenye njaa na baridi aende kwa amani bila kumpa chochote hakumfaidii mtu, na kwamba imani isiyo na matendo imekufa.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, wale wanaokaribishwa siku ya mwisho wanashangaa, kwa sababu hawakujua kwamba walimhudumia Kristo mwenyewe. Wao walikuwa wamemlisha mwenye njaa, wakamtazama mgonjwa. Huko Lalago, mtu huyo anaweza kuwa mtoto anayetetemeka kwa homa, au bibi mwenye macho mekundu anayepepea moto wa kinyesi cha ng'ombe ili wajukuu wapate ugali.